Jeep ya Vita vya Pili vya Dunia, Willys MB na Ford GPW: Kagua Hivi Kabla Hujatoa Pesa

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua jeep, na ninaposema jeep namaanisha ile yenyewe ya miaka ya 1941 hadi 1945: Willys MB, pamoja na pacha wake Ford GPW. Kama una mpango wa kununua moja, uifufue na uiendeshe mwishoni mwa wiki, kaa hapa. Hukumu yangu naitoa mapema ili mjue ninakoelekea: injini ya gari hili ndiyo kitu cha mwisho cha kukutia hofu. Pesa huishia kwenye bodi, kwenye giaboksi, na kwenye gari lililouzwa kwa jina lisilo lake. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana ukifika tu wanakuwashia injini. Mwombe aizime, kisha lala chini ya gari na tochi.

Kwanza ujue unaangalia gari gani. Kampuni ya Bantam ndio waliotengeneza ya mfano mwaka 1940. Willys wakapata zabuni kubwa mwaka 1941 kwa injini yao yenye nguvu na bei yao ya chini, na mwanzoni mwa 1942 Ford wakaingia, wakawa wanaunda gari lilelile kwa michoro ya Willys. Kwa jumla zilitoka takribani 640,000. Kwa nje zinafanana kabisa, lakini chesi inakwambia ukweli. Mulika tochi mbele, chini ya rejeta, uangalie chuma kinachounganisha mbavu mbili za chesi. Kikiwa bomba la duara, hiyo ni chesi ya Willys. Kikiwa bati nene lililokunjwa kama mfereji uliogeuzwa chini juu, hiyo ni Ford. Namba ya Willys iko kwenye kibati kilichopigwa ribiti upande wa ndani wa mbavu ya kushoto, nyuma tu ya bampa. Ford waligonga yao moja kwa moja juu ya mbavu ya kushoto, kwenye eneo la injini, na mara nyingi imefunikwa na tabaka kadhaa za rangi. Usiichokonoe na bisibisi. Pakaa kiondoa rangi, subiri, futa na kitambaa, kisha msasa laini sana, mpaka tarakimu zijitokeze.

Ukikuta chesi ya Willys ina injini ya Ford, usimwite muuzaji tapeli. Karakana za jeshi zilikuwa zinafungua magari kwa makumi na kuyaunganisha tena kwa vipuri vilivyokuwepo mezani. Vipuri vya Ford vina herufi F iliyoandikwa kwa mwandiko wa kulaza, hata kwenye vichwa vya boliti, na utaikuta F hiyo kwenye Willys nyingi tu.

Kinachopaswa kukustua ni vitu viwili. Cha kwanza ni CJ-2A, jeep ya kiraia ya baada ya vita, iliyopakwa rangi ya kijani na kuchorwa nyota. Ya kijeshi kwa kawaida ina grili ya nafasi 9, haina mlango wa nyuma, tairi la akiba linakaa nyuma, na mdomo wa tangi uko chini ya kiti cha dereva, kwa hiyo ukijaza mafuta lazima dereva ashuke na kuinua kiti. CJ-2A ina nafasi 7, ina mlango wa nyuma, na mafuta unajazia ubavuni kwa nje. Jaribio lingine rahisi: taa kubwa za jeep ya kijeshi zinafunguka kwa nati ya kipepeo na kugeuka nyuma zimulike injini. Grili inaweza kubadilishwa, lakini wengi hawahangaiki na bawaba za taa.

Cha pili ni Hotchkiss M201. Hii iliundwa Ufaransa kwa leseni baada ya vita, uzalishaji ukaendelea hadi miaka ya 1960, na ina umeme wa volti 24 badala ya 6. Ukinunua Ulaya, uwezekano wa kukutana nayo ni mkubwa. Na niseme wazi, M201 ni gari zuri sana. Chesi yake imeimarishwa, vipuri vingi vinaingiliana na vya MB, na kwa mtu anayetaka kuendesha kuliko kushindana kwenye maonyesho ningemshauri aichukue. Ilimradi ailipe kama M201, asiilipe kama jeep iliyotua Normandy.

Sasa bodi, na hapa tutakaa, kwa sababu hapa ndipo bajeti za watu zinapovunjika.

Sogea na kamera huku chini. Unaona sakafu ya bati, na chini yake zimechomelewa mbavu zenye umbo la kofia zinazoishikilia. Kiwandani, ndani ya mbavu hizi waliingiza vipande vya mbao ili boliti za kufungia bodi kwenye chesi zipate kitu cha kubana bila kuliponda bati. Mbao inanyonya maji, inayashikilia, na bati linaoza kutokea ndani kwenda nje. Juu utaona sakafu imenyooka na rangi mpya inapendeza, huku mbavu za chini zikiwa zimebaki unga. Chukua bisibisi butu uzibonyeze mbavu hizi urefu wake wote, hasa karibu na boliti. Chuma kizima kinagonga kavu. Kilichooza kinabonyea, na unasikia mchakacho kama wa biskuti. Ukipata mchakacho sehemu mbili, hesabu kwamba sakafu nzima itaondolewa, kwa sababu huwezi kuchomelea mbavu mpya kwenye bati lililokwisha kukonda.

Baada ya hapo nenda chini ya kiti cha dereva. Tangi la lita 57 linakaa ndani ya beseni lililo sehemu ya bodi yenyewe. Tope na maji vinaingia kati ya tangi na beseni, tundu la kutolea maji linaziba, na vyote viwili vinatoboka pamoja. Mwombe muuzaji akuruhusu kulegeza mikanda ya tangi uliinue kidogo. Akikataa, chukulia kwamba limeoza na upunguze bei yako. Mwisho angalia masanduku ya vifaa juu ya matairi ya nyuma: weka mkono ndani, papasa pembe za chini. Tembea na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba. Mahali inapokataa kushika pana puti, na unene wa puti ndio unene wa tatizo.

Bodi mpya za kunakili zipo, na za kutoka Ufilipino zimeokoa jeep nyingi duniani. Ni suluhisho halali. Ila usidhani inashuka tu juu ya chesi na kufungwa boliti. Matundu hupishana, kioo cha mbele na boneti huhitaji kulinganishwa, kwa hiyo ifunge kwanza bila rangi, na boneti, na kioo, na mabawa yote, urekebishe, ndipo uifungue upake. Mwenye haraka hupaka kwanza, kisha anatoboa na kusaga juu ya rangi mpya, na kutu inaanzia hapohapo. Na ukibadilisha mbao za ndani ya mbavu, tumia mbao ngumu iliyozamishwa kwenye mafuta ya kitani, uipake pande zote kabla ya kuiingiza.

Chesi yenyewe ni imara, lakini ichunguze kwa makini mahali pa injini na pale springi za mbele zinapoanzia, maana huko nyufa hupenda kutokea. Osha kwa brashi ya waya, mwaga mafuta ya taa, futa, paka chaki. Ufa utanyonya mafuta na kuchora mstari kwenye chaki.

Injini, kwa kifupi. Ni silinda nne, lita 2.2, nguvu farasi 60, valvu zikiwa pembeni ndani ya bloku na siyo kwenye silinda hedi. Mbano wake ni mdogo, 6.48 kwa 1, kwa hiyo petroli yoyote ya leo inaitosha. Wasiwasi ni kilevi kilichochanganywa kwenye petroli, ambacho kinalainisha mipira ya zamani kwenye pampu ya mafuta na kabureta. Weka dayaframu na hozi zinazostahimili kilevi, basi. Pima kompresheni injini ikiwa ya moto: karibu psi (kipimo cha shinikizo) 110 kwa kila silinda, na tofauti isizidi 10. Shinikizo la oili liwe psi 35 hivi kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, na lisishuke chini ya 10 injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua kati yake. Silinda moja ikiwa chini peke yake, omba hedi ifunguliwe, utafute ufa kati ya kiti cha valvu ya ekzosi na ukuta wa silinda. Bloku yenye ufa huo inarekebishika kwa fundi wa mashine, lakini siyo kazi ya kubahatisha.

Vipimo andikeni: valvu zote inchi 0.014 injini ikiwa baridi, pointi za distributa inchi 0.020, plagi inchi 0.030, mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2. Oili lita 3.8, na ukibadilisha filta ongeza mpaka 4.7. Matone ya oili nyuma ya injini utayaona. Sili ya zamani pale ni ya kamba, na matone machache kwenye gari lililoegeshwa ni jambo la kawaida kwake. Mfululizo wa oili siyo kawaida.

Giaboksi ndiyo sehemu dhaifu ya gari hili, nami sitaificha. Ni T-84, gia tatu, yenye sinkronaiza, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwaruza, kwenye ya pili na ya tatu tu. Iliundwa kwa gari jepesi na vita isiyotarajiwa kudumu miaka 80. Ugonjwa wake mkuu ni gia ya pili kuchomoka. Jaribu hivi: tafuta mteremko mpole, ingiza ya pili, fikisha kilomita 35 kwa saa, kisha achia mafuta ghafla bila kukanyaga klachi na bila kushika gia. Ikichomoka, washa za msukumo zimelika na shafti ya kaunta imepata uwazi, na mara nyingi meno ya sinkronaiza yamekuwa ya mviringo. Kuna wauzaji wanaoweka goti kwenye mkono wa gia wakati wa kukuendesha. Endesha wewe.

Nyuma ya giaboksi kuna transfa yenye mikono miwili: mmoja unaunganisha ekseli ya mbele, mwingine unachagua mwendo wa juu au wa chini. Gia ya chini haiingii mpaka ekseli ya mbele iwe imeunganishwa, hivyo ndivyo ilivyoundwa, usilazimishe. Na kwenye lami kavu usiunganishe ekseli ya mbele kamwe. Hakuna difu ya katikati. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kuzunguka tofauti kwenye kona, tairi haliwezi kuteleza kwenye lami, na mkazo wote unaingia kwenye meno ya transfa na giaboksi. Mkono ukigoma kutoka, rudi rivasi mita chache, mkazo utaachia.

Oili: giaboksi lita 0.7, transfa lita 1.4, kila difu lita 1.2. Kwenye giaboksi tumia SAE 90 ya daraja la GL-4, kwa sababu baadhi ya oili za GL-5 zina viambato vinavyokula shaba ya sinkronaiza. Kwenye difu, GL-5 ndiyo mahali pake.

Usukani. Gari likiyumba barabarani watu hukimbilia kununua sanduku jipya la usukani. Kabla ya hapo angalia mkono wa katikati ulio mbele, unaogawa msukumo kwenda magurudumu mawili. Mwombe mtu atikise usukani kushoto na kulia huku wewe umeweka vidole juu ya pini yake. Ukisikia pini inacheza, umempata mhalifu: pini na beringi zake ni kipuri cha bei ndogo. Magurudumu yakitetemeka kwenye kilomita 50, ongeza beringi za kingpini (pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia) kwenye orodha, ambazo hukazwa kwa kupunguza shimu.

Breki ni drami za inchi 9 pande zote, bomba moja kwa magurudumu yote manne. Hozi moja ikipasuka umebaki bila breki kabisa. Kwa hiyo hapa hakuna mjadala: hozi zote, silinda zote ndogo, masta silinda na mabomba ya chuma, vyote vipya, hata kama muuzaji anaapa kwamba vilibadilishwa. Hozi ya zamani huvimba kwa ndani. Mafuta ya breki yanapita ukikanyaga, hayarudi ukiachia, na breki inajishika mpaka drami linanuka moto. Jaza mafuta ya breki ya DOT 4, toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Wanaoegesha gari miezi mingi hupenda DOT 5 ya silikoni kwa kuwa hainyonyi unyevu. Inafaa kwenye mfumo uliosafishwa au mpya kabisa, usiichanganye na DOT 4.

Handbreki inahitaji tahadhari yake. Haishiki magurudumu, inashika propela shafti, nyuma ya transfa. Sili ya transfa ikivuja, oili inalowesha drami na handbreki inakuwa pambo. Kubwa zaidi: ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu lile lililobaki chini lizunguke kinyume na la hewani, hivyo gari linaweza kuondoka juu ya jeki na handbreki ikiwa imevutwa. Weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Kila mara.

Tukiwa hapo kwenye gurudumu, naomba msogee karibu mtazame ringi hii. Jeep nyingi za vita zina ringi ya vipande viwili. Kuna nati tano za katikati zinazofunga gurudumu kwenye habu, na kuna duara lingine la nati, nje yake, linaloshikanisha nusu mbili za ringi. Nati hizi za nje ukizilegeza tairi likiwa na upepo, nusu mbili zinaachana kwa nguvu ya kuua mtu. Kabla ya kuzigusa, toa kiini cha valvu, subiri upepo uishe kabisa, ingiza waya kwenye valvu uhakikishe haikuziba, ndipo uchukue spana. Mweleze fundi wa tairi kabla hujamkabidhi, usidhani anajua. Ringi hizi wengi hawajawahi kuziona. Na upande wa kushoto wa gari, nati za habu zina uzi wa kushoto: zinafunguka kwa kuzungusha kama unakaza. Boliti nyingi zimekatwa kwa kutojua hilo. Tairi ni 6.00-16, upepo psi 30.

Umeme wa volti 6 unalaumiwa bure. Kwa kazi ileile, volti 6 inahitaji mkondo mara mbili ya volti 12, kwa hiyo waya unaotosha gari la kawaida hapa ni mwembamba. Stata ikizunguka kwa uvivu, kabla ya kuihukumu weka nyaya za betri za milimita 50 za mraba au zaidi, safisha mkanda wa ethi kati ya injini na chesi hadi chuma king'ae, na ujaribu tena. Kubadilisha kwenda volti 12 nakuelewa kama unaendesha usiku. Kwa maonyesho ya mchana, iache kama ilivyotoka.

Barabarani gari lina uzito wa tani moja na kidogo, linapenda kilomita 65 hadi 70 kwa saa. Maandishi yanasema linafika 105, na linafika, lakini kwa ekseli za uwiano wa 4.88 injini inalia sana, na breki zile hazikuundwa kukusimamisha kutoka hapo. Mafuta tegemea lita 12 hadi 14 kwa kilomita 100. Halina milango, na mkanda wa usalama haukuwepo. Funga mikanda iliyoshikwa kwenye chesi, siyo kwenye bati la sakafu, na usipakie watoto nyuma.

Kwa mlioko Afrika Mashariki: gari hili lina historia na sisi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliposhuka bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, katikati ya mvua na tope, jeep ilikuwa sehemu ya usafiri wa jeshi lile, na askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) walikuwa humo. Mafundi tunao pia. Fundi aliyezoea Land Rover za zamani, zenye kabureta na pointi, hatapotea kwenye jeep. Rover wenyewe walianza majaribio yao mwaka 1947 kwa kutumia chesi ya jeep. Kikwazo ni makaratasi. Kenya ina kanuni ya magari yasiyozidi miaka 8 na usukani wa kulia, na jeep haitimizi hata moja, kwa hiyo pata jibu la maandishi la mamlaka kabla hujalipa hata shilingi ya usafirishaji. Ukinunua gari lililokwishakuwa nchini, linganisha namba ya chesi na kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Umeshanunua? Wiki ya kwanza mwaga oili zote, hata kama zinaonekana safi, na chuja ya giaboksi kwenye kitambaa cheupe: vumbi la rangi ya dhahabu ni shaba ya sinkronaiza, vipande vinavyoshika sumaku ni meno. Piga grisi kila mahali penye tundu lake, kisha rudia kila kilomita 1,600. Kama silinda hedi ilifunguliwa, pasha injini moto, iache ipoe, kaza tena kwa Nm 80 hadi 90 kuanzia katikati kwenda nje. Baada ya kilomita 80 hivi fungua vifuniko vya kupimia vya giaboksi na transfa kwa pamoja, maana zimeungana kwenye shafti moja. Kimoja kikiwa kimepungua na kingine kimezidi, oili inahama kupitia katikati. Usiongeze tu ukaendelea na safari. Panga kuzishusha zote mbili na kubadilisha sili na beringi ya hapo kati, kwa sababu T-84 yenye oili pungufu haichukui muda kuanza kuchomoka gia ya pili.